Ofisi ya HR niliyoileta kwenye mashine yangu ya posho, Busia: nyota 4 kati ya 5

Mimi nina mashine ya kusaga posho, yaani unga wa mahindi, hapa Busia upande wa Uganda, watu 11, wapo wa mashine, mtu wa stoo, binti wa keshia na vijana wa kubeba magunia. Mwezi wa sita nikachukua ofisi moja ndogo ya HR kutoka Mbale, wako watatu tu, waje wanipangie mambo ya wafanyakazi, na kwa vile mimi mwenyewe nilihangaika sana kupata mtu wa kuniambia ukweli kuhusu huduma kama hii kabla sijatoa hela, basi acha niandike.

Kwanza niseme kwa nini niliwatafuta. Mwaka jana magunia 6 ya unga yalikosekana stoo. Nilikuwa na hasira sikuuliza kitu, nikamwambia kijana wa stoo aweke funguo chini aende zake, miaka 3 ya kazi ikaishia pale mlangoni mbele ya wateja. Baada ya wiki mbili leba ofisa wa wilaya, yule wa serikali wa mambo ya kazi, akaniita. Nilienda nikijua haki iko kwangu, mwizi ni mwizi, kumbe sikuulizwa habari ya magunia kabisa, niliulizwa mama, ulimwambia kosa lake ni nini? Ulimpa muda ajiandae kujitetea? Alikuja na mtu wake wa kumsindikiza? Nikanyamaza. Sheria ya kazi ya 2006 inasema usipomsikiliza mtu kabla ya kumfukuza unamlipa mshahara wa wiki 4 hata kama kosa alilifanya kweli, na huyo wangu hakulifanya. Mwezi uliofuata mdogo wangu mwenyewe alikuja akasema yale magunia alichukua yeye, yalienda kwenye matanga kwa shemeji, kijana alimpa akidhani mimi najua. Ningemkalisha dakika kumi tu angenieleza yote. Nilimlipa hela yake na nikamuomba msamaha, lakini alikuwa ameshapata kazi Tororo, hakutaka kurudi.

Sasa hao watu wa Mbale. Alikuja dada mmoja, na siku ya kwanza hakuniomba karatasi hata moja, alikaa kwenye benchi karibu na mashine tangu asubuhi akaongea na kila mtu kwa Kiswahili, maana hapa kwangu kuna Wasamia, Waiteso, Wagwere, lugha inayotukutanisha ni hiyo. Saa kumi ndo akaniita pembeni akaniuliza nani ana mkataba wa maandishi. Hakuna. Akaniuliza vijana wa magunia ni wangapi, nikamwambia hao ni vibarua nawalipa kila jioni, usiwahesabu. Akasema mama, yule pale amebeba magunia hapa miaka miwili, sheria haimwiti kibarua tena. Nilibishana naye sana! Akafungua kwenye simu akanisomea kanuni za 2011, kibarua mwisho wake ni miezi 4, akizidi hapo anastahili mkataba wa maandishi na haki kama wengine. Vijana wangu wa magunia, wote 6, walikuwa wamepita huo muda.

Hapo ndo na NSSF, ule mfuko wa akiba ya wafanyakazi, ikajulikana. Nilikuwa najihesabia wafanyakazi wachache, nikijiambia niko chini ya watu 5 sihusiki, kumbe kwanza hesabu yenyewe ilikuwa ya uongo, na pia tangu sheria ilivyobadilishwa 2022 hata ukiwa na mfanyakazi mmoja unatakiwa umwandikishe. Anakatwa asilimia 5, wewe unaongeza 10 juu, na hela iwe imefika ndani ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Binti wa keshia analipwa shilingi 400,000 za Uganda kwa mwezi, kwa hiyo yeye 20,000 na mimi 40,000 kila mwezi. Sitaficha, iliniuma, unga wenyewe una faida kidogo. Na vijana nao walinung'unika, mmoja akasema mama unatukata hela ya chakula. Yule dada akakaa nao tena, akawaonyesha jinsi mtu anavyoangalia akiba yake mwenyewe kwenye simu, ndo wakatulia. Kuhusu PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, vijana wengi hawakuguswa, maana inaanza mtu akipita 235,000 kwa mwezi.

Likizo walinipangia vizuri. Ni siku 21 kwa mwaka, mimi nilikuwa natoa Krismasi na Idi basi. Wametengeneza kalenda ya ukutani, watu wengi wanaenda Aprili na Mei mahindi yakiwa bado shambani, msimu wa mavuno wote wapo.

Lakini kitu ambacho ningekilipia tena peke yake ni jinsi walivyotufundisha kumsikiliza mtu. Mwezi wa tisa fundi wangu mmoja alikuja amelewa mara ya tatu, na kwenye mashine yenye mkanda unaozunguka ulevi si mchezo, mkono unaondoka mara moja. Zamani ningemfukuza asubuhi hiyo hiyo. Safari hii nilimtoa kwenye mashine, nikampa barua inayoeleza kosa, nikampa siku 3, akaja na mjomba wake, tukakaa mimi, wao na msimamizi wa zamu, keshia anaandika. Yakatoka mambo nisiyoyajua, mkewe alikuwa hospitali muda mrefu na mwenzetu hapati usingizi. Tulimpa barua ya onyo, tukambadilishia zamu, anafanya kazi mpaka leo. Na kwa ajili ya mkanda huo huo wakanisukuma nikate bima ya wafanyakazi, nayo ni lazima kisheria, mtu akifa kazini fidia ni mishahara ya miezi 60, mimi ningeuza mashine.

Jambo lingine dogo, ila kwangu ni kubwa. Dada alipokuwa anapanga mafaili akakuta barua ya yule kijana wa stoo akiomba cheti cha kuonyesha alifanya kazi kwangu, niliiweka tu kwenye droo. Akaniambia hicho mfanyakazi akiondoka akikiomba ni haki yake. Tulikiandika siku hiyo hiyo nikampa dereva wa teksi apeleke Tororo.

Sasa nyota moja nimeitoa wapi. Kitabu cha masharti ya kazi walichonipa ni kurasa 38 za Kiingereza kitupu, ndani kuna habari za laptopu na kuvaa tai, nina uhakika walikitoa kwenye kazi ya ofisi fulani kubwa wakabadilisha jina. Kuna sura nzima ya kamati ya unyanyasaji wa kijinsia, na wao wenyewe walikubali kwamba sera hiyo sheria inawalazimisha wenye wafanyakazi zaidi ya 25. Binti yangu wa keshia nataka alindwe kabisa, lakini kurasa 5 za kamati kwa watu 11 hazimlindi, tulichofanya tumeandika masharti mafupi tukayabandika, ukimgusa mwenzako unakuja kwangu unajibu. Nikaomba kitabu kiwe cha Kiswahili wakataka 150,000 zaidi. Hilo sikubaliani nalo hata kidogo, mtu atafuataje sharti asiloweza kulisoma? Niliwalipa, kikatoka kurasa 9, na hizo ndo zinasomwa.

Tena simu hawapokei. Keshia aliponiambia ana mimba nilitaka kujua haraka nampangia nini, jibu lilikuja baada ya siku 9. Ni siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, na baba naye ana siku 4. Jibu ni zuri, lakini siku 9!

Bei yao ilikuwa 1,400,000 kwa kazi yote ya kupanga, halafu 100,000 kila mwezi ya ushauri kwa simu. Ya kwanza ina thamani yake na ningelipa tena. Ya kila mwezi nimeisimamisha, kwa simu zisizopokelewa siilipi, nimekubaliana nao waje mara moja kwa mwaka kukagua mikataba na likizo. Ukiwachukua waambie siku ya kwanza kabisa kwamba kitabu unataka cha Kiswahili na kiwe ndani ya bei, na vibarua wako wahesabu wote kabla hawajakuhesabia wao.