Karakana ya Mwembe Tayari na ukaguzi wa BSA M20 isiyowahi kukarabatiwa

Nyuma ya Mwembe Tayari, Mombasa, ipo karakana ndogo inayotoa huduma ambayo sijaiona ikifanywa kwa uangalifu wa namna ile mahali pengine mjini hapa. Huikagua pikipiki kongwe ambayo haijawahi kukarabatiwa, kisha humwandikia mwenyewe ni kipi kilitoka nayo kiwandani, ni kipi kilibadilishwa enzi zile zile, na ni kipi kilifungwa miaka ya karibuni kwa sababu ndicho kilichopatikana dukani. Niliwapelekea BSA M20 ya familia yetu, pikipiki ya Kiingereza ambayo ilikaa muda mrefu chini ya banda la makuti huko Mkomani, tangi lake likiwa limepakwa rangi juu ya rangi na taa yake ya mbele ikiwa haina kioo. Kazi yao imeniridhisha sana, ingawa yapo mambo mawili ambayo anayetoa fedha zake anastahili kuyajua mapema, nami nitayaeleza.

Ukaguzi wa aina hii una thamani pale tu unapotangulia kila kitu kingine. Wengi wetu tukipata pikipiki ya zamani huikimbiza kwa mpiga rangi, naye huishambulia kwa msasa, huzifuta alama zilizopigwa kwenye chuma, na hutupa nati zenye kutu kana kwamba ni taka, kisha baadaye mwenyewe hutafuta ng'ambo kwa bei kubwa kile kile kilichotupwa nyuma ya gereji. Nilipofika nikiwa na kitambaa mkononi ili nipanguse grisi kwenye kasha la injini, fundi mkuu alinizuia kwa upole: "Hapo bado, mwanangu. Tuone kwanza kilichoko chini." Grisi ile iliyoganda ilikuwa imezilinda nati kadhaa hata zikabaki na utando wake hafifu wa kadmi, madini ya kuzuia kutu, jambo ambalo ni nadra kwa chuma kilichovuta hewa ya chumvi ya pwani kwa miongo mingi.

M20 ina injini ya silinda moja yenye sentimita za ujazo 496, na valvu zake zimekaa ubavuni mwa silinda. BSA iliitengeneza katika kiwanda chake cha Small Heath, Birmingham, kuanzia 1937 hadi 1955, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia takribani pikipiki 126,000 za aina hii zilitengenezwa kwa ajili ya jeshi. Yangu ina herufi WM20 kwenye injini na kwenye fremu, ambazo ni alama ya zile za wakati wa vita, lakini tarakimu zinazofuata hazilingani. Kwa sababu hiyo mnunuzi mmoja alikuwa ameniambia kwamba injini si yake, na akataka bei ishuke kwa nusu. Fundi alilikataa dai hilo palepale, na alikuwa na haki, kwa kuwa kiwanda cha BSA katika miaka ile kilizipiga namba injini na fremu kila moja kwa mfululizo wake, na daftari za kiwanda ndizo zilizoeleza injini ipi ilitoka na fremu ipi. Nakala za daftari hizo zinahifadhiwa na Vintage Motor Cycle Club, chama cha Uingereza cha wapenda pikipiki kongwe kilichoanzishwa 1946, ambacho hutoa cheti cha tarehe kwa anayeomba. Kazi ya karakana ilikuwa kuthibitisha kwamba namba zenyewe hazijachezewa. Walizitazama kwa kioo cha kukuzia, wakalinganisha kina na umbo la kila tarakimu, na wakachunguza kama chuma kinachozizunguka kimewahi kupigwa tupa. Wakaona hakijaguswa.

Bolti zilichunguzwa kwa kipimo cha nyuzi, yaani ile mikato inayoizunguka bolti, moja baada ya nyingine. Pikipiki za Uingereza za zama zile zilitumia kwa wingi nyuzi za baiskeli, 26 kwa kila inchi, ilhali bolti zinazouzwa madukani mwetu leo ni za milimita kwa ajili ya pikipiki za Kijapani, za Kihindi na za Kichina. Bolti inayofunguka kwa spana namba 12, kwenye chuma cha Birmingham cha wakati wa vita, bila shaka ni mgeni. Kwangu wageni hao walikuwa kwenye madigadi ya nyuma na kwenye kishikio cha betri, na mwingine alikuwa amelazimishwa katika tundu la kasha la gia hadi akaharibu nyuzi.

Umeme ndio uliowaonyesha mafundi hawa walivyo, na mtu akitaka kujua kwa nini ninawasifu atazame sehemu hii ya ripoti. M20 hutumia Magdyno ya Lucas, kampuni ya Uingereza ya vifaa vya umeme, ambayo ni magneto na dainamo zilizounganishwa: magneto hutoa cheche ya plagi bila kuhitaji betri, na dainamo, iliyofungwa juu yake kwa mkanda wa chuma na kuzungushwa kwa gia ya faiba, huchaji betri na kuwasha taa kwa volti 6. Kwa kuwa sehemu hizo mbili hutenganishwa kwa urahisi, ni kawaida kukuta moja ni ya mwaka huu na nyingine ni ya mwaka ule. Lucas ilikuwa na desturi njema ya kupiga mwezi na mwaka kwenye vyombo vyake, na mafundi walizitafuta alama hizo kwa tochi na brashi laini bila kukwangua chochote. Magneto ilikutwa na alama ya 1942. Dainamo ilikuwa ya 1952, tena ya aina ya E3L, ndefu zaidi na yenye wati 60, na kisanduku cha kudhibiti chaji kilikuwa MCR2, ambacho ni cha baada ya vita.

Mkaguzi asiye makini angeandika hapo kwamba mfumo wa chaji si wa asili, akaishia hapo. Hawa waliandika kwamba magneto ni ya kiwandani, na kwamba dainamo na kidhibiti ni vya mbadala wa zamani, vya mtengenezaji yule yule, vilivyofungwa kwa pamoja na mtu aliyejua kazi yake katika miaka ya 1950. Wakashauri visiondolewe. Naafikiana nao kabisa. Pikipiki hii ilifanya kazi hapa pwani baada ya kuacha jeshi, na dainamo ile ni sehemu ya maisha yake kama ilivyo fremu. Kuing'oa ili kutafuta nyingine yenye alama ya 1942 ni kununua usafi wa karatasi na kupoteza ukweli wa chombo chenyewe.

Waligundua pia kwamba upande wa betri uliofungwa kwenye fremu ni ule wa chanya, mtindo ambao Lucas iliuchukua mwanzoni mwa miaka ya 1950, na hilo likaungana vyema na tarehe ya dainamo. Dainamo za aina hii hukubali kufanya kazi kwa upande wowote, mradi ziwe zimeamshwa kwanza kwa umeme wa betri kwa upande huo, lakini anayefunga betri bila kuuliza anaweza kuunguza kidhibiti. Karakana ilifunga kibandiko chenye maandishi makubwa kwenye kishikio cha betri kuhusu jambo hili. Ni kitu kidogo, nami nilikithamini sana, kwa sababu pikipiki za leo zote mtaani hufunga hasi kwenye fremu, na mkono wa fundi wa bodaboda huenda huko wenyewe.

Nyaya nazo zilisomwa. Ndani ya ganda la taa ya mbele, ambalo lina alama ya DU142 ya Lucas na hivyo linaendana na pikipiki ya jeshi, zilibaki nyaya za mpira zilizovikwa uzi wa pamba uliofumwa, zikiwa zimekauka hadi zinavunjika zikikunjwa. Kuanzia chini ya tandiko kwenda nyuma zilikuwa nyaya za plastiki za rangi kali, zimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa utepe mweusi, shaba yake ikiwa imegeuka kijani kwa chumvi. Ushauri wa fundi ulikuwa kwamba nyaya za pamba zisipitishwe umeme tena wala zisitupwe, bali zipimwe urefu, zichorwe njia zake na zihifadhiwe kama mfano wa kutengenezea mpya. Za plastiki zitoke zote.

Jaribio la magneto lilinifundisha mengi. Waliizungusha kwa drili ikiwa baridi, na cheche ikatoka nene na ya buluu. Kisha wakaipasha joto kwa taa na kuizungusha tena, cheche ikanyongea, hatimaye ikakatika. Kondensa iliyomo ndani ya rota, yaani sehemu ya magneto inayozunguka, huzeeka na kushindwa joto linapopanda, na shelaki, utomvu wa kuhami umeme uliopakwa juu ya nyuzi za shaba, hulainika, kwa hiyo pikipiki inayowaka vizuri asubuhi hugoma mchana mbele ya Soko la Makupa ikiwa imechemka. Katika joto la Mombasa, magneto iliyojaribiwa ikiwa baridi peke yake haijajaribiwa. Walipendekeza rota isukwe upya na kondensa ibadilishwe, huku ganda, alama ya tarehe na vikata umeme vikibaki vile vile na nafasi kati ya ncha zake ikirudishwa kwenye milimita 0.30. Vipuri vya zamani wataviweka kwenye mfuko wenye jina.

Sasa niseme yale mawili. La kwanza, rasimu ya ripoti iliandika kwamba vishikio vya usukani vya turubai na vikanyagio vya chuma kitupu ni ubunifu wa mtaani. Hilo halikuwa sahihi. Baada ya Wajapani kuiteka Malaya mnamo 1942, Uingereza ilipungukiwa na mpira, na pikipiki za jeshi zikafungwa vishikio vya turubai na vikanyagio visivyo na mpira kuanzia hapo. Kwenye pikipiki yenye magneto ya 1942, vitu hivyo ni miongoni mwa ushahidi bora kabisa uliosalia. Nilipomweleza fundi alinisikiliza, akavitazama tena, akaona turubai limeshonwa kwa mashine na si kwa mkono, akarekebisha ukurasa huo bila kinyongo. Hata hivyo mteja ambaye hangelijua hilo angeweza kuvitupa, na nawasihi waliongeze jambo hili katika maarifa yao kuhusu pikipiki za vita.

La pili ni picha. Ripoti imeandikwa kwa mwandiko mzuri, kwa Kiswahili kinachoeleweka na mtu asiye fundi, lakini picha zilitumwa kwa simu bila mpangilio, nyingine zikiwa na ukungu, na hakuna namba inayounganisha picha na mstari wa ripoti. Kwa kazi ambayo thamani yake yote iko katika ushahidi, huu ni upungufu mkubwa kuliko wanavyodhani. Ilinibidi niketi na kuzipanga mwenyewe nikiwa na ripoti mkononi.

Ada yao ilikuwa shilingi 7,000 kwa ukaguzi kamili, na jaribio la magneto hulipiwa kando. Hawauzi vipuri vya zamani wala hawanunui pikipiki wanazozikagua, sababu ya mimi kuyaamini maneno yao kuhusu thamani. Anayetaka kwenda aipeleke pikipiki kwa pikapu bila kujaribu kuiwasha, asiioshe, achukue logibuku na kila kipande kilichodondoka hata kama ni kishikio cha kebo, na aombe kabla ya kazi kuanza kwamba picha zipigwe mchana, kila moja ikiwa na namba yake.