English Grammar in Use: tathmini ya mwalimu wa tuisheni

Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikifundisha Kiingereza nyakati za jioni, barazani kwa shangazi yangu jijini Mwanza. Wanafunzi wangu ni watu wazima ambao kutwa nzima wana shughuli zao: fundi simu, mhudumu wa hoteli, karani wa kampuni ya mizigo, na mama mmoja anayeuza dagaa kwa jumla. Wote walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha wakaingia kidato cha kwanza na kukuta kila somo, isipokuwa Kiswahili chenyewe, linafundishwa kwa Kiingereza. Walioliruka pengo hilo waliliruka. Hawa wangu walilibeba hadi utu uzima, na ndio sababu wanakuja kwangu. Kitabu tunachokitumia ni English Grammar in Use cha Raymond Murphy, kilichotolewa kwa mara ya kwanza na Cambridge University Press mwaka 1985. Nakala yangu ni ya toleo la tano, la mwaka 2019.

Uzuri wake wa kwanza uko katika mpangilio. Masomo ni 145, na kila somo linakaa katika kurasa mbili zinazotazamana: kushoto maelezo, kulia mazoezi. Huhitaji kufunua nyuma na mbele kutafuta kanuni unayoulizwa, kwa sababu kanuni iko mkono wako wa kushoto na swali liko mkono wako wa kulia. Mtu aliyetoka kazini amechoka anaweza kumaliza somo moja kabla ya chakula cha jioni, na akajisahihisha mwenyewe kwa majibu yaliyo mwishoni mwa kitabu. Hata hivyo, mnunuzi awe macho, kwa kuwa kitabu hiki hutolewa kwa namna mbili, chenye majibu na kisicho na majibu, na anayejisomea bila mwalimu asikubali kuuziwa cha pili. Mimi mwenyewe nilianza na nakala ya fotokopi niliyoinunua kwa muuzaji wa vitabu vya kando ya barabara, na nilikuwa nimefika mbali ndipo nikagundua kwamba aliyeitoa kopi alikomea kwenye mazoezi, bila ukurasa hata mmoja wa majibu. Nakala halisi ni ghali, lakini ile ya bei rahisi ilinigharimu muda mwingi zaidi.

Mahali ambapo kitabu kinastahili sifa zote ni katika nyakati za vitenzi, hasa ule wakati wa "have" ambao walimu wetu walituambia ni sawa na "-me-" ya Kiswahili, wakaishia hapo. Si sawa. Sisi tunasema "amefika jana" bila kusita, na mwanafunzi akiitafsiri atasema "he has arrived yesterday", jambo ambalo Kiingereza hakilikubali, kwani muda uliokwisha ukishatajwa, "have" inaondoka. Murphy analieleza jambo hili taratibu, analiacha, analirudia kwa pembe nyingine katika masomo yanayofuata, na humo ndimo anamotenganisha maneno mawili yanayowasumbua wengi, "gone" na "been". Aliyekwenda Mombasa na bado yuko huko, "he has gone to Mombasa". Aliyewahi kufika Mombasa na sasa amekaa nawe barazani, "he has been to Mombasa". Karani wangu alikuwa akiwaandikia wateja kwamba bosi wake "has been to Dar", nao wakawa wanapiga simu ofisini kumtafuta, wakidhani amesharudi.

Lakini kuna upande wa "-me-" ambao kitabu hakiugusi, wala sikitegemei kiuguse, kwa sababu hakikuandikwa kwa ajili ya Waswahili peke yao. Kwa vitenzi kama kulala, kusimama, kukaa, kuvaa na kuchoka, "-me-" yetu inaeleza hali iliyopo sasa hivi. Mhudumu wa hoteli alisimulia kwamba usiku mmoja mgeni alimuulizia mwenzake wa zamu, naye akajibu "he has slept", akiwa na maana kwamba yuko usingizini. Mgeni akaelewa kuwa jamaa ameshapata usingizi wake na sasa yuko tayari kwa kazi, akasema basi aitwe. Alichotakiwa kusema ni "he is asleep". Mazoezi yote ya somo lile alikuwa ameyapata, na bado Kiswahili kilimponyoka mdomoni.

Kuna mahali pengine ambapo Kiswahili, badala ya kutukwaza, kinatushika mkono. Kitabu kina somo zuri kuhusu jozi kama "tiring" na "tired", "surprising" na "surprised". Wanafunzi wa nchi nyingi hulihangaikia, na wangu pia walilihangaikia mpaka nilipowaonyesha kwamba tofauti hiyo tunayo tayari: kinachochosha ni "tiring", aliyechoka ni "tired", kinachoshangaza ni "surprising", aliyeshangaa ni "surprised". Tangu siku hiyo hakuna aliyeniambia tena "I am boring" akikusudia kusema kwamba somo limemchosha. Afadhali, maana maneno hayo kwa Kiingereza yana maana kwamba yeye ndiye anayewachosha wengine.

Udhaifu mkubwa, kwa mahitaji yetu, ni maneno yanayochanganya. Hiki ni kitabu cha sarufi, kwa hiyo kinashughulikia yale tu yanayogusa sarufi: "say" na "tell", "by" na "until", "for" na "since", "hard" na "hardly". Hilo la mwisho peke yake linatosha kumwokoa mwombaji kazi asiandike "I work hardly", yaani hafanyi kazi karibu kabisa. Ila makosa mengi ya wanafunzi wangu hayatoki huko. Yanatoka kwenye neno moja la Kiswahili linalobeba maneno mawili au matatu ya Kiingereza. Kushinda ni "win", lakini pia ni "beat"; mashindano unayashinda kwa "win", mpinzani unamshinda kwa "beat". Anayesema "Simba won Yanga" anasikika kana kwamba Simba wamekabidhiwa Yanga kuwa zawadi. Kuazima kunamhusu anayetoa na anayepokea, wakati Kiingereza kina "lend" kwa mtoaji na "borrow" kwa mpokeaji. Ajabu ni kwamba kwenye fedha sisi wenyewe tunatofautisha, kukopesha na kukopa, na hiyo ndiyo njia ninayoitumia kuwafundisha. Kusikia kunabeba sauti, harufu, baridi na njaa, ndiyo maana fundi simu aliwahi kumwambia mteja Mzungu kwamba "I hear a bad smell" kutoka kwenye betri. Na yule aliyeibiwa simu stendi akasema "they stole me" ametangaza kwamba ametekwa yeye mwenyewe. Kinachoibwa kinafuata "steal", anayeibiwa anafuata "rob".

Kwa mambo ya namna hii ninawashauri wanafunzi waweke kando ya kitabu kamusi ya Oxford ya wanafunzi, ile iliyoanzishwa na A. S. Hornby, ambayo ina visanduku vinavyolinganisha maneno yanayofanana kama "affect" na "effect", na ambayo siku hizi inasomeka bure kwenye intaneti pamoja na matamshi. Hayo matamshi si ya kupuuza, kwa sababu irabu zetu ni tano tu, na sikio lililozoea tano halisikii upesi tofauti ya "live" na "leave", wala ya "ship" na "sheep".

Masomo ya "a" na "the" ni mengi mno kwa mtu anayeanza, na kusema kweli yanakatisha tamaa. Mimi huyaruka, kisha huyarudia mwishoni kwa kuanza na majina ya mahali, kwa kuwa hapo mwanafunzi ana kitu cha kushika: ziwa tunaloliona kutoka barazani ni "Lake Victoria" tupu, mlima ni "Mount Kilimanjaro" tupu, lakini mto unaotoka ziwani humo ni "the Nile" na bahari ya kule pwani ni "the Indian Ocean". Masomo ya mwisho, yanayohusu vitenzi vyenye viambatisho kama "put off" na "turn up", ni ya kusoma polepole kwa miezi, somo moja moja. Namna ya kujibu maswali ya kukanusha, ambapo sisi tukiulizwa "hujala?" tunajibu "ndiyo" kwa maana ya kwamba hatujala, kitabu kinaipitia haraka kuliko ambavyo Mswahili angehitaji, na mwalimu inabidi aongeze yake. Kwa Kiingereza jibu ni "no", na mwenye njaa akisema "yes" atakosa chakula.

Kitu kimoja zaidi kwa mnunuzi: hiki cha buluu ni cha mtu ambaye tayari anaweza kusoma maelezo ya Kiingereza, kwa kuwa hakuna tafsiri humo. Ambaye bado, aanze na Essential Grammar in Use, kitabu chekundu cha mwandishi huyo huyo. Mama wa dagaa alianza na hicho chekundu, amekimaliza mwezi uliopita, na wiki hii ameniletea zoezi lake la kwanza kutoka kwenye cha buluu. Lilikuwa na kosa moja tu, nalo ni kwenye sentensi aliyoiongeza mwenyewe pembeni: "My sister is in Ukerewe, he is selling fish."