Toyota IST ya cc 1,497: tangi moja linafika wapi?

Toyota IST ya toleo la kwanza, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 2002 hadi 2007, husifiwa na madalali wa magari kwa maneno mawili tu: haili mafuta. Sifa hiyo ina ukweli wake, lakini haimsaidii anayetaka kujua kama tangi la lita 45 litamfikisha aendako, hasa kwa gari lenye injini kubwa ya 1NZ-FE, yaani ile ya cc 1,497. Takwimu zinazonukuliwa kwenye matangazo zilitokana na kipimo cha Kijapani cha 10-15, kilichofanyika maabara kwa mwendo usiozidi kilomita 70 kwa saa. Foleni ya Mwenge, Dar es Salaam, ya saa kumi na moja jioni haikuwamo.

Kipimo ninachokiamini ni kujaza tangi hadi pampu ijikate yenyewe, kurudisha tripu (kihesabu cha kilomita za safari) kwenye sifuri, kuendesha kama kawaida, kisha kurudi kwenye sheli ileile na kujaza tena. Tripu ikisoma kilomita 352 na pampu ikaonyesha lita 32, gari limekwenda kilomita 11 kwa lita. Hayo ndiyo matumizi yangu ya mjini, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Kwenye barabara kuu, kwa mwendo wa 80 hadi 90, gari hilohilo hunipa 14 au zaidi kidogo. Mshale wa dashibodi siutumii katika hesabu hii, kwa sababu, kama ilivyo kwa magari mengi, nusu ya kwanza hushuka taratibu na ya pili huporomoka. Aliyefunga matairi makubwa ili kulinyanyua gari naye atapata hesabu pungufu, maana tripu itasoma kilomita chache kuliko alizotembea.

Nikiacha lita saba za akiba, zinabaki 38, yaani takriban kilomita 420 za mjini au 530 za safari. Kwa gari dogo la umri huu, hayo ni matumizi mazuri, ingawa mwenye kutafuta unafuu mkubwa zaidi mjini atalipata kwenye Vitz ya cc 996. Dar es Salaam hadi Dodoma, takriban kilomita 450, IST inafika bila kuongezwa mafuta. Safari ya Moshi inakaribia kilomita 560, hivyo mimi huongeza lita chache Korogwe, ambako vituo vipo kandokando ya barabara, badala ya kuitegemea ile akiba baada ya kupita Same.