Thamostati ya mkeka wa joto na nyoka wa mahindi aliyekuwa akitapika

Nimeitumia thamostati hii, yaani kifaa kinachodhibiti joto la mkeka wa umeme unaowekwa chini ya sanduku la nyoka, kwa miezi minne, na kilichonisukuma kuinunua ni uvundo. Siku ya tatu baada ya kumlisha nyoka wangu wa mahindi (aina ya nyoka wa kufugwa asiye na sumu), ambaye wakati huo alikuwa na uzito wa gramu 8 tu, nilifungua sanduku lake nikakuta kitoto cha panya kilichomeng'enywa nusu kimetapikwa juu ya matandiko. Nilidhani mlo ulikuwa mkubwa kupita kiasi, kwa hiyo safari iliyofuata nikampa kidogo zaidi, naye akautapika vilevile.

Kipimajoto kilichobandikwa ukutani mwa sanduku kilisoma nyuzi 27, nami nikaridhika. Nilipopima sakafu yenyewe, juu ya mkeka usiodhibitiwa, nikakuta nyuzi 39. Bila shaka nyoka alikuwa akiukimbia upande huo na kujikunja upande wa baridi, ambako joto halikuzidi nyuzi 21. Nyoka hajitengenezei joto la mwili. Vimeng'enya vya tumbo lake hufanya kazi kwa kadiri ya joto analolipata nje, na akikaa kwenye baridi akiwa ameshiba, nyama huanza kuoza tumboni kabla haijasagika, na mwili hauna njia ila kuirudisha.

Kwa kazi hiyo moja ya kuzuia joto lisipande wala kushuka kupita kiasi, kifaa hiki kinastahili sifa. Nilikiweka kwenye nyuzi 30, na kila ninapopima sakafu kwa kipimajoto kingine, ninapata kati ya 29 na 30, huku upande wa pili ukibaki kwenye 23 au 24. Skrini inasomeka hata gizani, na umeme ukikatika na kurudi, kinakumbuka nyuzi ulizoziweka.

Kasoro yake kubwa ni kihisi, yaani kile kipande chake kinachopima joto. Kinashikiliwa na kikombe cha mpira cha kunyonya, ambacho katika wiki ya pili kiliachia, kihisi kikaning'inia hewani, na kwa kuwa hewa ni baridi kuliko sakafu, kifaa kikaendelea kuuwasha mkeka bila kikomo. Hakuna king'ora cha kuonya. Niligundua kwa bahati tu, nilipoingiza mkono kubadilisha maji. Wapo watakaofikiria kukibandika kwa utepe wa gundi ndani ya sanduku. Nawasihi wasifanye hivyo, kwa maana magamba ya nyoka mchanga hunasa kwenye gundi na ngozi yake huchunika. Mimi nimekibana kwa nje, kati ya mkeka na kitako cha sanduku, kisha nikarekebisha nyuzi hadi sakafu ya ndani ikasoma ninavyotaka.

Karatasi ya maelekezo ni dhaifu kuliko kifaa chenyewe. Inadai kwamba joto sahihi "humaliza matatizo yote ya ulaji", dai ambalo si kweli hata kidogo. Nyoka aliyetapika hahitaji joto peke yake, bali pia mapumziko: nilimwachia maji safi bila chakula kwa siku 10, nikaanza upya na nusu ya kitoto cha panya kisichoota manyoya, na sikumshika kwa saa 48 baada ya kila mlo. Karatasi haitaji lolote kati ya hayo. Haisemi pia kwamba nyoka anayeendelea kutapika ilhali joto ni sawa, hasa akiwa na uvimbe katikati ya mwili, huenda ana vimelea vya kriptosporidi, na kinyesi chake kinapaswa kupimwa na daktari wa mifugo anayewajua reptilia. Hapo thamostati haina msaada.

Ningekinunua tena, ila sambamba nacho ningenunua kipimajoto cha pili siku hiyohiyo. Nyoka wangu sasa ana gramu 21 na hula kila baada ya siku 6. Juzi alikataa mlo, macho yake yakiwa yamefifia na kuwa ya samawati kwa kuwa anakaribia kujivua gamba. Maelekezo yanashauri kuongeza nyuzi 2 kila nyoka anapokataa kula. Mimi nimeiacha kwenye 30.