CNA kama kazi ya likizo kwa anayelenga udaktari Marekani

Kati ya kazi za kiangazi anazoweza kuzipata mwanafunzi wa chuo Marekani kabla hajawa na shahada, hii ya CNA, yaani msaidizi wa muuguzi mwenye cheti cha jimbo, tunaipa nafasi ya kwanza. Mikono yako inamgusa mgonjwa. Unamwogesha, unamlisha, unambadilisha pempasi, unampima presha, na mkiwa wawili tu chumbani ndipo mzee anapotaja maumivu ambayo asubuhi hakumwambia daktari. Hakuna kazi nyingine ya msimu mmoja inayokuonyesha mapema hivi kama unauweza uuguzaji wa mwili wa mtu au la.

Kasoro yake kubwa ni kalenda. Sheria ya shirikisho inataka mafunzo yasiyopungua saa 75, zikiwemo angalau saa 16 za vitendo chini ya msimamizi. California inataka 160. Halafu kuna alama za vidole, uchunguzi wa rekodi ya makosa, kipimo cha TB na mtihani wa jimbo. Anayejiandikisha Mei, chuo kikishafungwa, huenda Julai ikamkuta bado anasubiri tarehe ya mtihani. Anza kozi ya jioni Februari. Ukichelewa, tafuta nyumba ya wazee inayofundisha wafanyakazi wake: hapo sheria inakuruhusu kufanya kazi ukiwa mwanagenzi hadi miezi 4, na aliyekwisha kuajiriwa au kuahidiwa kazi na nyumba inayolipwa na Medicare au Medicaid, bima za afya za serikali, hatozwi ada ya mafunzo. Lakini soma mkataba kabla ya kutia saini, maana baadhi hutaka ubaki miezi kadhaa, nawe Agosti una darasa la kemia.

Kwa waliokulia Afrika Mashariki, kipimo cha TB kina mtego wake. Chanjo ya BCG ya utotoni, ile ya kukinga TB, inaweza kufanya kipimo cha ngozi kivimbe hata kama huna maambukizi, kisha unapelekwa eksirei na wiki zinapotea. Omba kipimo cha damu tangu mwanzo. Hicho BCG haikiharibu.

Mtihani una maswali na vitendo, na wengi huangukia vitendo kwa mambo madogo. Kunawa mikono: sugua kwa sabuni sekunde 20, vidole vikielekea chini, usiguse sinki, funga bomba kwa karatasi kavu. Ukilifunga kwa mkono uliokwisha kunawa, umerudia uchafu. Kumvisha mwenye upande uliopooza, anza na upande dhaifu. Kumvua, anza na ule wenye nguvu. Kabla ya kumhamisha mtu kwenda kwenye kiti cha magurudumu, funga breki. Kengele ya kuita iache mkononi mwake kabla hujatoka chumbani.

Kazi yenyewe ni nzito. Shifti huwa za saa 8, na asiyeweza kujigeuza hugeuzwa takribani kila saa 2 asipate vidonda. Mgongo huumia kwa sababu ya haraka: mtu anamvuta mgonjwa kwa makwapa badala ya kumfunga mkanda wa kiunoni, kuinua kitanda hadi usawa wa nyonga zake na kuita mwenzake. Kwa mwanafunzi tunapendekeza shifti ya saa 9 alasiri hadi saa 5 usiku. Ina chakula cha jioni, kulaza wazee na mazungumzo, na asubuhi inabaki ya kusomea MCAT, mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari.

Kuandika kumbukumbu za daktari chumbani nako kuzuri, kwani unasikia anavyofikiri, ila waajiri wengi hutaka mwaka mzima, si wiki 10. Kazi ya ambulensi inadai kozi ndefu zaidi. Na kama hali ya nyumbani inakulazimisha kuhudumu mgahawani, hudumu bila aibu. Fomu ya AMCAS, yaani ya kuomba nafasi vyuo vya udaktari, ina kipengele chake cha ajira isiyo ya kitabibu, na kazi iliyolipa karo ni habari ya kweli kwa wanaokusoma.

Mwenye viza ya F-1, ya mwanafunzi wa kigeni, asiguse kazi yoyote ya nje ya chuo bila kibali. Akamwone kwanza mshauri wa wanafunzi wa kigeni, hata kama nyumba ya wazee imemwambia hakuna shida. Wakati wa likizo anaweza kufanya kazi za ndani ya chuo muda wote.

Andika saa zako kila wiki, pamoja na jina la msimamizi. AMCAS inakubali shughuli 15, kila moja kwa maelezo ya msingi ya herufi 700, nafasi na alama zikihesabiwa. Wiki 10 za saa 32 ni saa 320. Ukiomba mkataba wa kuitwa pale wanapopungukiwa watu, wikiendi mbili kwa mwezi wakati wa masomo zitaziongeza bila kugusa vipindi vyako vya maabara.