Tathmini ya bonanza la vyuo mjini Moshi katika kipindi cha UVIKO-19

Chuo chetu cha hapa Arusha kilipeleka timu za mpira wa miguu, netiboli na kikapu kwenye bonanza la vyuo vya kati lililochezwa Moshi mwanzoni mwa Julai 2021, nami niliambatana nazo nikiwa mlezi wa michezo. Bonanza hilo linaendeshwa na mwandaaji binafsi: chuo kinalipa ada, naye anatafuta viwanja, waamuzi, malazi, chakula na huduma ya kwanza. Simtaji kwa jina, kwa sababu mengi nitakayoyalalamikia ni mazoea ya waandaaji wengi, na mlezi anayepanga safari ya namna hii atafaidika zaidi akijua mambo ya kuuliza kabla ya kulipa. Kwa kifupi, huduma tuliyoipata uwanjani ilistahili fedha zetu, lakini tuliyoipata nje ya uwanja haikustahili, na katika kipindi cha mlipuko, huko nje ya uwanja ndiko kunakoamua kama michezo ya vyuo iendelee au isimame.

Suala hili linatugusa kwa karibu. Mgonjwa wa kwanza wa corona (UVIKO-19) nchini Tanzania, aliyetangazwa tarehe 16 Machi 2020, alikuwa msafiri aliyetua Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro (KIA) akitokea Ubelgiji, akagundulika akiwa Arusha. Siku iliyofuata Serikali ilifunga shule na kusimamisha michezo, vyuo vikafuata, na vyuo pamoja na michezo vikaruhusiwa kurejea tarehe 1 Juni mwaka huohuo. Tangu hapo wanafunzi wangu wamekuwa na hoja moja ambayo siwezi kuipuuza, kwamba mwanachuo wa ngazi yetu hukaa miaka miwili au mitatu tu, na msimu ukimpita hana namna ya kuurudia. Mjadala haukuishia tuliporudi Arusha, kwani tarehe 25 Julai 2021 Simba na Yanga zilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho mjini Kigoma mbele ya mashabiki, na wanafunzi wakaniuliza kwa nini wao wahojiwe zaidi ya wachezaji wa timu hizo. Jibu langu ni kwamba mchezaji wa klabu ana mkataba, mshahara na daktari wa timu, ilhali mwanachuo amekabidhiwa kwetu na wazazi wake ili asome. Hata hivyo, nilikuwa miongoni mwa waliopiga kura ya kwenda, na nisingependa tathmini hii isomwe kama ya mtu asiyetaka michezo.

Nianze na yaliyofanyika vizuri. Viwanja vya mpira wa miguu na netiboli vilikuwa vya wazi, vyenye nafasi na upepo, na ratiba ilipangwa kwa uangalifu ambao sijauona katika mabonanza mengine. Kila timu ilipewa saa yake ya kufika, kukawa na muda wa kutosha kati ya mechi na mechi ili waliomaliza waondoke kabla wanaofuata hawajaingia, na waliotoka walipitia lango jingine. Mashabiki hawakuruhusiwa, isipokuwa wachezaji wa akiba na viongozi. Ndoo za maji tiririka na sabuni ziliwekwa pande zote mbili za uwanja, na zilijazwa tena zilipopungua. Kila mchezaji alitakiwa kuja na chupa yake ya maji, na waamuzi walisimamia jambo hilo kwa ukali unaostahili, maana katika timu zetu desturi ya chupa moja kuzunguka midomo kumi na mmoja imekomaa. Kupima joto langoni kulifanyika pia, ingawa sikuona faida kubwa ya hatua hiyo, kwa kuwa mtu anaweza kuambukiza wengine kabla hajapata homa, na wengine hawaipati kabisa.

Sehemu bora kuliko zote ilikuwa ya muuguzi aliyesimamia huduma ya kwanza. Alipewa meza, kivuli na, la muhimu zaidi, mamlaka ya kumzuia mchezaji bila kuomba idhini ya mtu. Fomu yake haikuuliza tu kama mchezaji anaumwa leo. Iliuliza pia kama aliwahi kuugua homa, kikohozi au kupoteza uwezo wa kunusa katika miezi ya karibuni, na alianzaje mazoezi baada ya kupona. Kiungo wetu mmoja alijaza kwamba alikuwa ameugua muda si mrefu uliopita. Muuguzi alimkimbiza taratibu pembeni mwa uwanja, akampima mapigo ya moyo, akamwacha apumzike, akampima tena, akaona mapigo hayashuki inavyotarajiwa kwa kijana wa umri ule. Alipombana kwa maswali, kijana akakiri kwamba kifua kinambana anapokimbia kwa kasi. Muuguzi akaniambia, "Mwalimu, huyu leo hachezi, na mkifika Arusha apelekwe hospitali akapimwe moyo." Nahodha wetu alimsihi, "Dada, hata kipindi cha pili tu?" naye akakataa kwa upole, akamweleza sababu mbele ya timu nzima, na hakuna aliyebishana naye tena.

Sababu hiyo inafaa kuelezwa hapa, kwa kuwa walezi wengi tunadhani kwamba kijana aliyepona amepona. Virusi hivi vinaweza kusababisha uvimbe katika misuli ya moyo, na mazoezi makali juu ya misuli iliyovimba yanaweza kuvuruga mapigo yake kwa namna ya hatari. Nchini Marekani, ambako michezo ya vyuo ni shughuli kubwa mno, madaktari wa Chuo Kikuu cha Ohio State walitoa mwezi Septemba 2020 matokeo ya wanamichezo 26 waliougua, na wanne kati yao walionekana na dalili za uvimbe huo kwenye picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa mashine ya MRI. Taarifa hiyo ilitia hofu kubwa, lakini tafiti pana zaidi za mwaka 2021 zimeiweka hatari hiyo katika kipimo chake. Katika vyuo 42 ambako wanamichezo 19,378 walipimwa virusi, 3,018 walikutwa navyo, na 21 kati ya hao wakawa na dalili za moyo kuathirika. Katika vyuo vya Big Ten, kundi la vyuo vikuu vya Marekani vinavyoshindana katika michezo, ambako 1,597 walipigwa picha za MRI baada ya kuugua, 37 walikutwa na uvimbe. Hatari hiyo, basi, ni ndogo, na kiwango chake kinategemea pia kipimo kinachotumika kuitafuta. Sisi hatuna mashine za MRI za kupitishia kila timu. Tulikuwa na muuguzi mmoja mwenye saa ya mkononi na fomu nzuri, na alimwona mtu aliyestahili kuonwa. Kwa huduma hiyo peke yake mwandaaji anastahili pongezi, na chuo chochote kinachofikiria bonanza kiulize kwanza kama kuna mtu wa aina hiyo na kama ana mamlaka ya kweli.

Chakula hakina mjadala mrefu. Mama lishe walipakua wali, maharage na mboga nje, chini ya miti, kwa zamu, na kilikuwa cha moto na cha kutosha.

Kasoro zilianza kwenye kikapu. Mechi za kikapu zilihamishiwa ndani ya ukumbi kwa sababu una taa na ratiba ilikuwa imejaa hadi usiku. Ukumbi huo una madirisha madogo ya juu, nayo yalikuwa yamefungwa, kwani Julai ya Moshi, kama ya Arusha, ni baridi na mawingu mchana kutwa. Watu wakakaa humo saa kadhaa, wakihema na kupiga kelele, timu moja ikiingia kabla hewa ya timu iliyotangulia haijatoka. Mwezi Juni 2020, huko Florida, mechi moja ya kirafiki ya mpira wa magongo wa kwenye barafu iliyochezwa ndani ya jengo ilifuatiwa na kuugua kwa wachezaji 14 kati ya 22 ndani ya siku tano. Nilimkumbusha msimamizi wa ukumbi kuhusu hewa, akanijibu kwamba barakoa zinatosha, wakati hakuna mchezaji wa kikapu anayeweza kucheza akiwa amevaa barakoa kwa kipindi kizima. Niliitoa timu yetu kwenye mechi ya jioni, tukahesabiwa kushindwa.

Usafiri kati ya bweni na viwanja ulikuwa wa Costa moja iliyobeba timu mbili kwa pamoja. Levo siti, yaani kila abiria akae kwenye kiti bila wa kusimama, ambayo madereva wa abiria walitakiwa kuizingatia wakati huo, haikukumbukwa. Wachezaji walisimama, madirisha yakafungwa kwa sababu ya baridi ileile. Huko Marekani, NFL, ligi ya kulipwa ya mpira wa Kimarekani, iliwapima watu wake kila siku katika msimu wa 2020, na uchunguzi wake ulielekeza kwenye vikao, magari na wakati wa kula kama mahali ambapo maambukizi yalitokea. Mtu anayelinda lango la uwanja kwa uhodari na kuliacha gari bila ulinzi anafanya kazi nusu. Malazi nayo yalikuwa hivyohivyo: vyumba vyenye vitanda vya deka vilivyobanana, wanafunzi wa vyuo tofauti wakichanganywa ili kujaza nafasi, na madirisha ambayo kila mtu alikuwa na sababu ya kuyafunga usiku. Ratiba ile nzuri iliyowatenganisha mchana kutwa ilifutika saa tatu usiku walipolala pumzi kwa pumzi.

Kasoro kubwa zaidi, na ambayo ningependa walezi wenzangu waipime kwa makini, imo kwenye karatasi. Ada ya ushiriki ilikuwa shilingi 300,000 kwa chuo, ukiacha malazi na chakula, na fomu ilisema kwamba haitarejeshwa kwa sababu yoyote wala haitahamishiwa bonanza lijalo. Fedha hizo kwa vyuo vyetu hutoka kwenye michango ya wanafunzi, na serikali ya wanafunzi huulizwa kila shilingi. Sharti la namna hiyo linamfundisha kila mlezi na kila nahodha kunyamaza. Nilizungumza na mlezi wa chuo kingine ambaye timu yake ilikuwa na wachezaji wawili wanaokohoa, na aliniambia waziwazi kwamba wasingecheza timu isingetimia, na timu isipotimia fedha imekwenda. Simlaumu yeye. Muuguzi mwenye mamlaka anaweza kumzuia mtu aliyejaza fomu kwa ukweli, lakini mkataba unampa mtu huyo sababu ya kutoijaza kwa ukweli.

Mashindano makubwa kuliko haya yamekubali hasara zaidi ya hiyo. Mashindano ya kikapu ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, yalifutwa kabisa tarehe 12 Machi 2020. Yalipochezwa mwaka 2021, yote yakiwa ndani ya jimbo la Indiana, timu ya Chuo Kikuu cha Virginia Commonwealth (VCU) iliondolewa tarehe 20 Machi, saa chache kabla ya mechi yake ya kwanza, baada ya wachezaji wake kukutwa na virusi. Wapinzani wao, Chuo Kikuu cha Oregon, wakasonga mbele, na mechi ile haikuchezwa tena.

Kuhusu swali lenyewe, la kama michezo ya vyuo iendelee au isimame, nimejifunza mengi kwa kutazama jinsi vyuo vya Marekani vilivyogawanyika. Vyuo vikuu vinane vya Ivy League, kundi jingine la michezo la vyuo vikuu, vilitangaza tarehe 8 Julai 2020 kwamba havitacheza hadi mwisho wa mwaka. Big Ten wao waliahirisha msimu tarehe 11 Agosti, kisha tarehe 16 Septemba wakageuza uamuzi, baada ya kupata njia ya kuwapima wachezaji kila siku, kuwachunguza moyo waliougua na kuwazuia wasicheze mechi kwa angalau siku 21. Wapo waliosema kwamba fedha za televisheni ndizo zilizowageuza, na sina sababu ya kuwapinga, lakini angalau walieleza ni huduma gani ingeruhusu mchezo. Sisi hatuwezi kumpima kila mchezaji kila siku. Chanjo iliyozinduliwa nchini tarehe 28 Julai 2021 ilianza na watumishi wa afya, wazee na wenye magonjwa sugu, kwa hiyo vijana wetu walikuwa bado hawajafikiwa. Kinachobaki mikononi mwetu ni kuondoa sehemu za bonanza zinazohitaji vipimo hivyo ili ziwe salama, yaani ukumbi uliofungwa, gari lililojaa na bweni. Kutoka Arusha hadi Moshi ni kilomita 80 hivi. Timu inaweza kuondoka alfajiri katika gari lake yenyewe, madirisha wazi na masweta mwilini, ikacheza mpira wa miguu na netiboli, ikala chini ya mti na kurudi kabla ya usiku.

Kwa hali hiyo naipa huduma hii nyota tatu kati ya tano, karibu zote zikiwa za uwanjani na za muuguzi. Tumemwandikia mwandaaji tukimwomba mambo matatu: kikapu kirudi kwenye uwanja wa nje hata kama mechi zitapungua, chuo kiruhusiwe kushiriki bila kulipia malazi, na ada ya timu inayojitoa kwa sababu ya ugonjwa irejeshwe au ihamishiwe bonanza linalofuata. Ameyakubali mawili ya kwanza kwa maandishi. La ada ameahidi kulijadili na wenzake, na hadi ninapoandika hajaleta jibu. Akilikubali, nitapeleka timu zetu za nje kwa moyo mweupe. Asipolikubali, tutacheza na vyuo jirani vya hapahapa Arusha, ambako mlezi mwenye mgonjwa anaweza kunipigia simu asubuhi ya mechi na kuniambia hawaji, bila kupoteza chochote.