Kobe mdogo wa kufuga: yupi ununue kwanza, na yupi umwache

Kobe anayetunzwa vizuri huishi miaka 50 na zaidi. Ukimnunulia mtoto wa darasa la tatu, huenda kobe huyo akaja kuchezewa na wajukuu wa mtoto huyo. Kwa hiyo sikupanga orodha hii kwa uzuri wa gamba wala kwa bei. Nimeangalia ni aina ipi inaweza kuishi vizuri kwa mtu anayeanza kufuga, na ni ipi inayopatikana bila kuporwa porini.

Nawaandikia zaidi wasomaji walioko Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako kobe waliozaliwa kwa wafugaji huuzwa kihalali. Tanzania na Kenya kobe wa porini ni mnyamapori anayelindwa na sheria. Kumwokota njiani na kumfuga uani bila kibali ni kosa, hata kama nia yako ni njema.

1. Kobe wa Hermann

Huyu ndiye wa kwanza, bila kusita. Asili yake ni kusini mwa Ulaya, kuanzia Uhispania hadi nchi za Balkani. Wale wa magharibi mara nyingi hawazidi sentimita 18, na wa mashariki hupita 20 kidogo. Ni mchangamfu mchana, hachagui sana majani, na kiangazi cha Ulaya anaweza kukaa bustanini. La muhimu kuliko yote, wafugaji wanaomzalisha ni wengi. Katika Umoja wa Ulaya na Uingereza lazima auzwe na cheti cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini. Muuzaji akikuambia cheti kitakuja baadaye, ondoka na pesa zako.

2. Kobe wa Horsfield

Wengi humwita kobe wa Urusi, ingawa kwao ni Asia ya Kati, kama Kazakhstan na Uzbekistan. Utamtambua kwa kucha nne kila mguu. Ni mgumu kweli: wawili wa aina hii walizungushwa Mwezi ndani ya chombo cha Kisovieti, Zond 5, Septemba 1968, wakarudi hai. Nimemshusha nafasi moja kwa sababu wengi sokoni wamekamatwa porini, hufika wamechoka na wamejaa minyoo. Ukimpata aliyezaliwa kwa mfugaji, mchukue kwa moyo mweupe. Ila huyu ni mchimbaji, kwa hiyo ukuta wa banda uzame ardhini, la sivyo atatokea kwa jirani.

3. Kobe wa Ugiriki

Jina hili hubeba makundi mengi, kutoka Morocco hadi Iran. Wa Afrika Kaskazini hawastahimili baridi na unyevu kama wenzao wa Uturuki. Mnunue tu kwa mfugaji anayejua wazazi wake walitoka wapi.

4. Kobe wa Misri

Ndiye mdogo kuliko wote hapa, dume huwa kama sentimita 10. Lakini yuko hatarini kutoweka kabisa, hana usingizi wa majira ya baridi, na anataka mahali pakavu penye joto mwaka mzima. Si wa kuanzia.

Wa kuwaacha kabisa ni watatu. Kobe sulcata wa Sahel, ukanda ulio kusini mwa Sahara, huuzwa akiwa mdogo wa kutosha kiganjani, kisha hupita kilo 40 na kubomoa uzio. Kobe madoa wa nyika zetu za Afrika Mashariki naye hukua kupita sentimita 30. Wa tatu ni yule kobe bapa wa kwenye nyufa za miamba ya Kenya na Tanzania. Ni mdogo na anavutia, ndiyo maana ameporwa mno. Hutaga yai moja kwa wakati, hivyo waliochukuliwa hawazibiki upesi. Tangu 2019 CITES imemweka kwenye orodha yake ya ulinzi mkali kabisa. Mwache majabalini kwake.

Sasa pesa. Kobe mwenyewe si gharama kubwa. Gharama ni taa, na hapa ndipo kobe wengi huharibikiwa. Bila mionzi ya UVB, ile iliyomo kwenye mwanga wa jua, mwili hautengenezi vitamini D, kalsiamu haiingii kwenye mifupa, na gamba hulainika. Kumweka dirishani hakusaidii, maana kioo huzuia mionzi hiyo. Nunua tyubu ya UVB na uibadilishe kama maelekezo yake yanavyosema, kwa sababu mionzi hupungua kabla taa haijazimika. Weka na taa ya joto upande mmoja, pafike nyuzi 30 hadi 35 anapoota jua, na upande wa pili ubaki kama 20 ili achague mwenyewe. Meza pana yenye kingo na udongo inafaa kuliko tangi la kioo. Na nunua mmoja tu. Kobe hawaoni upweke kama sisi, na madume wawili huumizana.

Chakula ni magugu: dandelioni, ambaye ni jamaa wa mchunga wa kwetu, na majani na maua ya haibiskasi. Matunda, mkate na chakula cha mbwa haviwafai hawa niliowataja. Mfupa wa dome, yule jamaa wa ngisi, humpa kalsiamu. Aina mbili za kwanza, na wengi wa aina ya tatu, hulala majira ya baridi, katika nyuzi 5 hivi, lakini mwaka wa kwanza uliza daktari wa mifugo anayejua reptilia kabla ya kumlaza.

Wenye watoto wadogo wasipuuze salmonela, bakteria wa kuharisha ambao kobe huweza kubeba. Marekani imezuia tangu 1975 kuuza kobe wa kufugwa mwenye gamba chini ya inchi 4 kwa sababu hiyo. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika, na asitembezwe jikoni.

Siku ya kununua, mwinue: awe mzito mkononi, na akivuta miguu ndani, avute kwa nguvu. Macho yawe wazi, pua isitoe kamasi, gamba liwe gumu. Mwombe muuzaji ampe jani mbele yako. Akikataa kula, rudi siku nyingine au tafuta mfugaji mwingine.